Uliza Mama Mwalimu: Balenieri na barua ya kukamata

Katika toleo lililopita, nikijibu swali juu ya vita vya Wamarekani vya kudai uhuru kutoka kwa Waingereza, niliandika mistari mitatu tu kuhusu balenieri, mashua ndogo zilizopigana karibu na ufuko. Sikujua kwamba mistari hiyo ingewaamsha watu wa ziwa Kivu. Barua zimenifikia hapa Bukavu kutoka Goma, Kalehe na Ijwi, na nyingine zimetoka mtaa wa pili tu. Nimechagua tatu.

Jambo Mama Mwalimu. Mimi ni fundi wa moteri za boti hapa Kituku, Goma. Tulikuwa tunangoja abiria wa Minova, mvua ikatushika, tukaingia barzani. Kijana mmoja akatusomea ukurasa wako, pale uliposema kwamba Wamarekani walipigana kwa balenieri, na kwamba wenye balenieri walipewa barua ya serikali ya kukamata mali ya adui na kugawana. Mzee mmoja akaruka: "Mwizi ni mwizi, hata ukimpa barua yenye kashe kumi." Tulibishana mpaka mvua ikakatika. Utusaidie: wale watu walikuwa askari ao wezi? — Fundi wa moteri, Kituku

Jambo sana, ndugu fundi. Nianze na chombo chenyewe, kwa sababu wewe ni mtu wa vyombo.

Neno balenieri tumelirithi kwa Wabelgiji, na ndani yake amelala nyangumi: kwa Kifaransa nyangumi anaitwa baleine. Sisi huku tunaita balenieri boti refu la mbao lenye moteri, linalobeba watu, magunia ya muhogo na mbuzi, wala nyangumi hatujapata kumwona. Lakini balenieri ya asili ilikuwa mashua ya kumwindia huyo mnyama. Watu wa kisiwa cha Long Island, karibu na New York, waliisukuma majini kutoka mchangani mara nyangumi alipoonekana akipumua. Nyangumi akichomwa mkuki anarusha mkia, na mkia huo unavunja mbao kama biskuti, kwa hiyo mashua ilibidi iweze kukimbia kinyumenyume bila kugeuzwa. Ndiyo sababu iliundwa na ncha mbele na ncha nyuma, mfano wa mbegu ya boga. Mbao zake zilikuwa nyembamba, mara nyingi za mwerezi. Urefu wa kawaida ulikuwa kama mita 8 au 9. Ilikwenda kwa makasia, na tanga dogo kama upepo ulikubali.

Sasa fikiria uzito wake. Wewe unajua boti zetu: ukitaka kulipandisha moja mchangani ili uzibe nyufa, unaita kijiji kizima, watu wanaimba, magogo yanawekwa chini, na bado mtu anaumia mgongo. Ile ya nyangumi ilibebwa mabegani. Tarehe 23 Mei 1777, saa 7 mchana, luteni kanali Return Jonathan Meigs aliondoka Guilford, upande wa Connecticut, na watu 170 katika balenieri 13. Jioni walifika Long Island karibu na Southold. Mbele yao palikuwa na rasi nyembamba ya nchi kavu, na nyuma ya rasi kulikuwa na ghuba. Kuizunguka rasi kwa maji kungewaweka machoni mwa meli za Waingereza. Wakachukua balenieri 11, wakaziweka mabegani, wakatembea nazo usiku hadi upande wa pili, wakazishusha tena majini. Saa 8 usiku walikuwa Sag Harbor. Walichoma vyombo 12 pamoja na nyasi za farasi wa jeshi, wakateka watu 90, na kesho yake saa 8 mchana walikuwa wamerudi Guilford. Saa 25 kwenda na kurudi, na hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Kongresi, yaani baraza la makoloni yaliyomwasi mfalme wa Uingereza, ilimpa Meigs upanga wa heshima.

Watu wa Meigs walikuwa askari wa jeshi, hawakuhitaji barua ya kukamata. Nimewataja ili uone chombo hiki kiliweza nini. Kilikuwa kinapita mahali ambapo meli ya kivita haiwezi kupita: kwenye vijito, juu ya mchanga, chini ya miti, hata juu ya nchi kavu. Na kwa kuwa kilikuwa rahisi kuundwa, mvuvi aliweza kuwa nacho, fundi viatu pia.

Lazima tulione na lile bahari. Kati ya Long Island na Connecticut pana mkono wa bahari unaofungwa nchi kavu pande zote mbili. Urefu wake ni kama kilomita 180, yaani mara mbili ya ziwa letu la Kivu, lakini upana wake hata pale palipo papana zaidi haufiki kilomita 35. Waingereza waliuteka mji wa New York na kisiwa cha Long Island mwaka 1776, wakakaa mpaka Novemba 1783. Miaka saba, ufuko huu una serikali ya mfalme, ufuko ule una serikali ya waasi, na usiku kila upande unaona taa za mwenzake. Watu wengi wa kisiwani walikimbilia Connecticut wakaacha wazazi, mashamba na makaburi ng'ambo. Mimi nikisimama Nguba, hapa Bukavu, nikitazama taa za Rwanda upande wa pili, sina haja ya kueleza zaidi.

Basi, barua. Makoloni yale hayakuwa na jeshi la maji la kutosha kupambana na Uingereza. Tarehe 23 Machi 1776 Kongresi iliwaruhusu raia watumie vyombo vyao wenyewe kukamata vyombo vya Waingereza, na tarehe 3 Aprili ikatoa fomu. Fomu hizo zilitiwa saini na rais wa Kongresi, John Hancock, zikatumwa makoloni yote zikiwa na nafasi wazi za kujaza jina la chombo, la mwenye chombo na la nahodha. Waliokuwa na barua hiyo Wafaransa waliwaita korseri. Mzee wako wa barzani angependa kujua kwamba haikutolewa bure. Mwenye chombo aliweka dhamana: dola 5,000 kwa chombo cha tani 100 au chini ya hapo, na dola 10,000 kwa kikubwa zaidi. Akivunja masharti, dhamana inachukuliwa. Masharti yenyewe yalikuwa haya: usimwue mateka wala kumtesa, chombo ulichokamata ukipeleke bandarini, hakimu aamue kama ni halali yako, usikiuze wala kukigawa kabla ya hukumu.

Lipo sharti jingine ambalo nilipolisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa nalikumbuka. Ziwa letu halijui kujaa na kupwa. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku: maji yanapanda mchangani, halafu yanarudi. Kati ya mstari wa maji kujaa na mstari wa maji kupwa panabaki kipande cha mchanga ambacho asubuhi ni bahari na adhuhuri ni nchi. Barua ya Kongresi iliruhusu kukamata vyombo baharini na ndani ya kipande hicho. Hapo mamlaka yake yalikoma. Ukipanda hatua moja juu ya mstari wa maji kujaa, kwenye nyasi, mbele ya mlango wa mtu, karatasi ile haikuwa na neno lolote la kukusaidia.

Wako waliofanya kazi ya ajabu juu ya maji. Adam Hyler alikuwa mtu wa New Brunswick, mji wa mtoni kule New Jersey. Aliteremka mto Raritan usiku na mashua yenye mzinga pamoja na balenieri mbili tatu, akavizia vyombo vilivyokuwa vikiwaletea Waingereza wa New York chakula na kuni. Oktoba 1781, pale Sandy Hook, alivamia vyombo vitano vilivyotia nanga karibu na meli ya ulinzi ya Waingereza, akavitwaa vyote kwa muda wa kama robo saa. Vinne alivipakua akavichoma moto. Cha tano hakukigusa, kwa sababu ndani yake mlikuwa na mwanamke na watoto wadogo wanne. Habari hiyo ilichapishwa wakati ule ule, na kwangu mimi watoto wale wanne wana uzito kuliko vyombo vyote alivyochoma. Giza, moto, watu wanapiga kelele, mali iko mbele yako na barua iko mfukoni, halafu unasema: hapana, hiki kiacheni. Januari 1782 Waingereza walituma watu kama 300 mpaka New Brunswick kuziharibu mashua zake. Waliziharibu kweli. Akaunda nyingine. Alifariki mwaka huo huo, Septemba.

Lakini ng'ambo, kwenye ule mkono wa bahari wa Connecticut, mambo yalioza. Gavana Jonathan Trumbull alitoa vibali kwa mashua zenye silaha zivuke kwenda Long Island kuzuia biashara na adui. Nia ilikuwa njema. Ila balenieri ikishafika mchangani saa 7 usiku, nani anasimama kwenye mstari wa maji kuwahesabu wanaopanda juu? Waliingia nyumba za watu, wakavunja makasha, wakachukua fedha, nguo na vyombo vya nyumbani. Walipoulizwa, walisema wenye nyumba ni watu wa mfalme. Wengi walioporwa hawakuwa watu wa mfalme. Walikuwa wakulima waliobaki kisiwani kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda, na baadhi yao walikuwa na watoto wao kwenye jeshi la waasi, la jenerali Washington. Mchana askari wa mfalme aliwachukulia ng'ombe, usiku ndugu zao wa ng'ambo waliwachukulia mashuka. Malalamiko yalizidi hata Agosti 1781 Kongresi ikamtaka gavana afute vibali hivyo pale vilipogusa mali iliyoko nchi kavu kule Long Island.

Upande wa mfalme nao ulikuwa na balenieri zake, zikitokea Lloyd's Neck, kule Long Island. Mei 1779 zilivuka usiku zikamchukua kitandani jenerali Gold Selleck Silliman wa Fairfield, upande wa Connecticut, mke wake Mary akiwa na mimba ya miezi sita. Wamarekani hawakuwa na mfungwa wa cheo cha kubadilishana naye. Wakaamua kutafuta. Novemba, watu wakavuka kwa balenieri kwenda Long Island, wakatembea usiku hadi nyumbani kwa jaji Thomas Jones, mtu wa mfalme, wakamchukua. Walipomfikisha Fairfield, Mary Silliman alimwomba jaji huyo aje kwake. Akamkaribisha mezani, akamlaza nyumbani mwake siku kadhaa, mwanamke ambaye mume wake alikuwa mikononi mwa rafiki za mgeni wake. Mwaka 1780 wakabadilishana, jaji na jenerali, chombo kimoja kikitoka huku na kingine kule.

Sasa nikujibu, ndugu fundi. Kijana alisoma sawa: walikuwa watu wa vita, na barua yao ilikuwa ya kweli, yenye dhamana nyuma yake na hakimu mbele yake. Mzee naye alisema sawa, kwa wale waliopanda juu ya mstari wa maji. Na msidhani kwamba wema walikuwa mashua hii na wabaya mashua ile. Barua iliyomruhusu mtu kukamata meli ya mahindi ya mfalme ndiyo hiyo hiyo aliyoikunja mfukoni alipokuwa anafungua kasha la mjane. Nikiulizwa ni nini kiligeuza kazi ikawa wizi, nasema ni ile hatua moja kutoka mchangani hadi kwenye nyasi, na kukosekana kwa mtu wa kuiona.

Mama Mwalimu, ninauza maharagi soko la Kadutu, na mzigo wangu unapita ziwani. Nimesoma kuhusu kukamatwa kwa mali, roho ikaniuma. Mwenye mali alikuwa na mahali pa kwenda kudai? Na kama adui amekunyang'anya, halafu watu wa upande wako wakamnyang'anya yeye, mali inakuwa ya nani? — Mama wa maharagi, Kadutu

Dada yangu, umeuliza swali lililo bora kuliko ya wanaume wote walioniandikia.

Mahali palikuwepo. Tangu Novemba 1775, kabla hata ya uhuru kutangazwa, Kongresi ilizishauri koloni ziwe na mahakama za kuamua vyombo vilivyokamatwa, kesi zisikilizwe mbele ya baraza la raia, na asiyeridhika akate rufaa kwa Kongresi yenyewe. Aliyekamata alipeleka madai yake mahakamani. Tangazo liliwekwa gazetini: chombo fulani, shehena fulani, kesi itasikilizwa siku fulani, mahali fulani, yeyote mwenye dai aje. Mwenye mali akifika na hati zake akashinda, alirudishiwa. Akishindwa, mali iliuzwa mnadani, fedha zikagawanywa kati ya wenye chombo na mabaharia kwa mafungu waliyokubaliana kabla ya kuondoka.

Swali lako la pili walilijibu kwa saa ya ukutani. Sheria ya Desemba 1775 ilisema: chombo chako kikichukuliwa na adui, kisha wenzako wakakikomboa, ni chako, ila uwalipe waliokikomboa. Kikikaa mkononi mwa adui chini ya saa 24, wanapata sehemu moja kati ya nane ya thamani. Kati ya saa 24 na 48, moja kati ya tano. Mpaka saa 96, moja kati ya tatu. Zaidi ya hapo, nusu. Lakini kama mahakama ya adui imekwisha kukihukumu kuwa chake, basi, umekipoteza. Unaweza kusema nusu ni nyingi, nami nitakubali. Hata hivyo mama wa maharagi wa wakati ule alijua: saa ngapi, sehemu ngapi.

Usidhani kila kitu kilikuwa safi. Wakati wa vita bidhaa za Kiingereza, kama chai na vitambaa, zilipatikana New York, na Connecticut watu walizitaka sana. Biashara hiyo ilikatazwa. Basi wengine walipatana: mwenye bidhaa anazipakia Long Island, rafiki yake mwenye balenieri na kibali "anamkamata" katikati ya maji, mahakama inatoa hukumu kwamba ni mali halali ya vita, bidhaa zinauzwa waziwazi, wanagawana faida. Mlangoni pa sheria waliingia na kutoka kama wateja.

Na sasa nikuambie kwa nini swali lako limenigusa. Nilikuwa na miaka 11. Mama yangu alinunua mananasi na maharagi Ijwi, akayauza Bukavu. Siku hiyo tulikuwa kwenye pirogi ya makasia, watu sita, magunia yamepangwa katikati, mimi nimekaa juu ya gunia la mwisho. Jioni ziwa lilitulia kama mafuta sahanini. Pirogi yenye moteri ikaja, ndani watu wanne. Hawakumpiga mtu. Mmoja alitoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki, ina kashe ya rangi ya zambarau, akasema hiki ni kibali cha kukamata magendo. Mama hakujua kusoma. Mimi nilijua. Nilisoma karatasi ile huku ameishika mbele ya uso wa mama: ilikuwa ya kodi ya soko, na tarehe yake ilikuwa imepita miaka miwili. Neno magendo halikuwemo. Nilifungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu, kwa nguvu, mpaka machozi yakatoka.

Walichukua magunia matatu. Yule mwenye karatasi akachana ukurasa wa daftari la shule, akaandika kwa kalamu ya risasi: "maharagi, magunia 3." Akampa mama, tena kwa adabu, kwa mikono miwili. Mama akaifunga kwenye pindo la kitenge. Wiki iliyofuata tulikwenda nayo ofisi moja, wakatutuma ofisi nyingine. Ile nyingine ikaturudisha kwa ya kwanza. Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyeandika kitu. Mama aliiweka risiti ile kwenye mkebe wa majani ya chai, na kila tulipohama nyumba mkebe ulikwenda nasi. Alipofariki niliukuta. Herufi zimefifia, lakini ukiielekeza karatasi dirishani unaona ile tatu, jinsi kalamu ilivyokandamiza.

Nimefundisha historia miaka 27. Nilipokuwa nawasomea wanafunzi habari za yale matangazo ya gazetini, siku fulani, mahali fulani, yeyote mwenye dai aje, nilikuwa namwona mama amesimama na pindo lake la kitenge. Hakutaka kurudishiwa yote. Angelipa hata ile nusu. Alitaka kuonyeshwa mlango.

Kwa hiyo, dada, unapopakia mzigo, andika. Idadi, uzito, tarehe, jina la boti, jina la nahodha, na nakala moja ibaki nyumbani. Wenye mali walioshinda kesi kule walishinda kwa karatasi za namna hiyo.

Mama Mwalimu, niko mwaka wa sita wa sekondari, Bagira. Korseri wa Marekani wakikamatwa na Waingereza walifanywaje? Na je, barua hizo bado zinatolewa leo? — Mwanafunzi, Bagira

Mwanangu, kwa swali la pili jibu ni fupi. Mwaka 1856, baada ya vita vya Crimea, mataifa kadhaa yalikutana Paris yakatangaza kwamba ukorseri umefutwa. Marekani haikutia saini. Katiba yake iliyoandikwa 1787 bado inaipa Kongresi mamlaka ya kutoa barua za kukamata, na zilitumika kwa wingi tena katika vita vya 1812 dhidi ya Uingereza. Hakuna aliyeikata sentensi hiyo katika katiba. Inakaa pale.

Swali la kwanza ni zito. Waingereza hawakukubali kwamba waasi ni taifa, kwa hiyo baharia aliyekamatwa na barua ya Kongresi hakuhesabiwa sawasawa na askari wa vita. Wengi walipelekwa kwenye meli kuukuu zilizogeuzwa gereza katika ghuba ya Wallabout, Brooklyn. Iliyotisha zaidi iliitwa Jersey. Ilikuwa meli ya mizinga 60. Waliing'oa milingoti, wakaziba madirisha ya mizinga, wakatoboa matundu madogo yenye vyuma. Nyakati nyingine ilibeba zaidi ya watu 1,000. Asubuhi walinzi waliita wafungwa watoe maiti. Kulikuwa na njia ya kutoka, na kila mfungwa aliijua: kubali kutumika katika jeshi la maji la mfalme, utafunguliwa leo hii. Wapo waliokubali. Wengi mno walikataa, vijana wa umri wako, watoto wa wavuvi, wakafia humo kwa ndui, kuhara na njaa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa meli zote za gereza za New York ni watu 11,500. Hiyo ni zaidi ya Wamarekani wote waliokufa vitani nchi kavu wakipigana katika vita vile.

Walizikwa mchangani, juu juu tu, pale pale ufukweni. Ukumbuke nilivyoeleza kujaa na kupwa: maji yalipanda, yakarudi, yakapanda, na miaka baada ya vita mifupa ilikuwa ikitokeza kati ya ile mistari miwili. Watu wa Brooklyn waliiokota. Mwaka 1808 waliizika kwa heshima karibu na ghuba, na mwaka 1908 ikajengwa nguzo ya mawe yenye urefu wa mita 45 katika bustani ya Fort Greene. Mifupa imehamishiwa chini yake, ndani ya masanduku, imechanganyika, hakuna ajuaye wa nani ni upi.